Jina Lisiloandikwa: Mchongaji wa Sarafu ya Dhahabu ya Tabora, 1916

1. Utangulizi

Mwaka 1916, wakati Vita vya Kwanza vya Dunia vikiendelea Afrika Mashariki, karakana ya reli mjini Tabora ilifua sarafu 16,198 za dhahabu, kila moja ikiwa na thamani ya rupia 15. Upande mmoja wa sarafu hiyo una tembo aliyeinua mkonga mbele ya milima, na chini yake umeandikwa mwaka 1916 pamoja na herufi T, alama ya Tabora. Upande wa pili una tai wa dola ya Ujerumani, jina la koloni kwa Kijerumani, DEUTSCH OSTAFRIKA, na thamani yake.

Sarafu hii imeandikwa katika orodha nyingi za sarafu za dunia. Uzito wake unajulikana hadi sehemu ya elfu moja ya gramu, na idadi yake inajulikana hadi kipande cha mwisho. Mbunifu wa michoro yake anatajwa kuwa R. Vogt. Kuhusu mtu aliyechonga mihuri ya chuma iliyoipa sarafu sura yake, orodha hizo husema neno moja tu: alikuwa Msinhala, yaani mtu wa kisiwa cha Ceylon, ambacho leo ni Sri Lanka. Jina lake halipo.

Makala haya yanachunguza ukimya huo. Hoja inayotetewa ni kwamba kumwita mchongaji huyo “asiyejulikana” ni kosa la kihistoria. Fundi huyo alijulikana kwa waliompa kazi, waliomlipa na waliofanya kazi kando yake. Kilichotokea ni kwamba jina lake halikuandikwa. Kutojulikana ni hali inayoweza kumpata mtu yeyote kwa kupita kwa miaka. Kutoandikwa ni matokeo ya uamuzi wa mwenye kalamu. Ili kuonyesha tofauti hiyo, makala yanalinganisha kazi ya Tabora na kazi ya wachongaji wa sarafu za kwanza za dhahabu za Marekani, kisha yanairejesha sarafu ya Tabora katika historia ndefu ya fedha na ufundi wa pwani ya Afrika Mashariki.

2. Kazi ya mchongaji wa muhuri

Sarafu hufuliwa kwa kubana kipande cha madini kilichokatwa duara kati ya mihuri miwili ya chuma kigumu. Kila muhuri huchongwa kinyume: kilichoinuka kwenye sarafu hutobolewa kwenye chuma, na maandishi husomeka kutoka kulia kwenda kushoto. Baada ya kuchongwa, chuma hutiwa motoni na kupozwa ghafla ili kiwe kigumu kiasi cha kustahimili mapigo maelfu. Hapo ndipo fundi hupimwa. Chuma kikipozwa vibaya hupasuka, na kazi yote huanza upya.

Kazi hiyo ina sifa moja yenye maana kubwa kwa mwanahistoria. Mkono wa mchongaji ukiteleza, kosa hilo hurudiwa kwenye kila sarafu itakayotoka katika muhuri huo. Akichonga muhuri wa pili kwa mkono, hawezi kuurudia wa kwanza bila tofauti yoyote. Kwa hiyo, hata pale ambapo karatasi hazimtaji fundi, madini yenyewe hubaki na alama za mkono wake. Sarafu inaweza kusomwa kama waraka.

3. Majina katika dhahabu ya Marekani

Marekani changa inatoa mfano mzuri wa kulinganisha, kwa kuwa nayo ilihitaji sarafu za dhahabu wakati mafundi wa kazi hiyo walikuwa wachache na wengi wao wageni. Mwaka 1787, sonara wa New York aliyeitwa Ephraim Brasher alitengeneza sarafu za dhahabu na kuzigonga herufi EB. Herufi hizo hazikuwa pambo. Katika soko lililojaa sarafu za kigeni zenye uzito tofautitofauti, muhuri wa sonara anayeaminika ulikuwa dhamana kwamba dhahabu ni halali. Jina la fundi lilikuwa sehemu ya thamani ya fedha. Mwaka 2021 kipande kimoja cha sarafu hizo kiliuzwa kwa zaidi ya dola milioni 9, na mnunuzi alikuwa analipia historia ya herufi hizo mbili pamoja na dhahabu yenyewe.

Serikali ilipoanzisha kiwanda chake cha sarafu huko Philadelphia, dhamana ilihama kutoka kwa sonara kwenda kwa dola. Robert Scot, aliyezaliwa Scotland, aliteuliwa kuwa mchongaji mkuu mwaka 1793, na sarafu za kwanza za dhahabu za taifa hilo, za dola 5 na dola 10, zilitoka mwaka 1795. Jina la Scot halikuwekwa kwenye sarafu hizo. Lakini uteuzi wake uliandikwa katika kumbukumbu za serikali, na kwa njia hiyo historia imemhifadhi.

Mfano wa John Reich una uzito zaidi. Alikuwa Mjerumani aliyehamia Marekani na kuajiriwa mwaka 1807 kama msaidizi wa mchongaji, kwa mshahara wa dola 600 kwa mwaka. Ndiye aliyechora upya sarafu ya dola 5 ya dhahabu. Aliacha kazi mwaka 1817, miaka kumi baadaye. Wataalamu wa sarafu wameona kwamba katika mihuri inayohusishwa naye, nyota ya kumi na tatu ina mkato mdogo kwenye ncha yake, na wamefasiri mkato huo kuwa sahihi ya siri ya fundi. Tafsiri hiyo inaonyesha jambo la msingi kuhusu mbinu ya utafiti: mkato mdogo kwenye nyota uliweza kusomwa kama sahihi kwa sababu tayari kulikuwa na jina la kuuhusisha nalo. Alama ya mkono peke yake haitoi jina. Jina hutoka kwenye daftari la mwajiri.

Mfano wa tatu unakaribiana zaidi na Tabora. Mwaka 1831 Christopher Bechtler, sonara mwenye asili ya Ujerumani, alianza kufua sarafu za dhahabu huko Rutherfordton, North Carolina, karibu na machimbo. Aliweka jina lake kwenye sarafu, na baadhi ya sarafu zake za dola 5 zilionyesha wazi uzito na usafi wa dhahabu: grani 150, karati 20. Mtu wa kawaida aliyeipokea alijua nani ameitengeneza, ina uzito gani na ina dhahabu kiasi gani.

4. Pwani na maandishi ya fedha

Tabora haikuwa mwanzo wa sarafu katika ardhi ambayo leo ni Tanzania. Masultani wa Kilwa walitoa sarafu za shaba zenye maandishi ya Kiarabu: upande mmoja jina la mtawala, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu yenye kina kimoja na jina hilo. Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyetawala Kilwa mwanzoni mwa karne ya 14 wakati mji huo ukishika biashara ya dhahabu ya Sofala, alitoa pia sarafu za dhahabu, ambazo tatu zimechapishwa na watafiti. Sarafu yake ya shaba imepatikana hadi Great Zimbabwe. Zote zina jina la sultani. Hakuna yenye jina la mfuaji.

Ukimya wa namna hiyo unaonekana pia katika kazi nyingine za mikono za pwani. Makaburi ya nguzo ya Kunduchi, katika Kinondoni ya leo, yalijengwa kwa mawe ya matumbawe na kupambwa kwa bakuli za Kichina. Kaburi hujengwa ili amkumbukwe marehemu, na mwashi aliyelijenga si sehemu ya kumbukumbu hiyo. Kwa hiyo kutotajwa kwa fundi hakukuanza na ukoloni. Kilichobadilika chini ya ukoloni ni kwamba dola sasa ilikuwa na madaftari, hesabu na orodha za watumishi. Iliandika mambo mengi sana. Pale ilipoacha kuandika jambo, uchaguzi huo una maana.

Fedha za kikoloni zenyewe zinaonyesha mabadiliko hayo. Pesa za shaba za Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, zilizoanza kutolewa mwaka 1890, zilikuwa na maandishi ya Kiarabu, kwa kuwa zilikusudiwa kusomwa na watu wa pwani waliozoea hati hiyo. Mageuzi ya mwaka 1904 yaliondoa mgawanyo wa rupia kwa pesa 64 na kuweka hela 100 kwa rupia moja, na thamani ya rupia 15 ikafungwa kwenye marki 20 za Ujerumani. Sarafu mpya zilifuliwa Berlin, kwa alama ya herufi A, na Hamburg, kwa alama ya herufi J. Herufi iliyobaki kwenye fedha ilikuwa ya mji wa kiwanda.

Athari ya mageuzi hayo haijafutika. Neno hela, lililotokana na jina la Kijerumani la sarafu hiyo ndogo, linatumika hadi leo kumaanisha fedha kwa ujumla. Wauzaji wa soko la Tandika, Temeke, na wa Tandale, Kinondoni, hulitamka kila siku bila kufikiria Berlin wala 1904. Fedha ya Wajerumani imekufa, na jina lake limebaki katika vinywa vya watu. Kwa mchongaji wa Tabora mambo yamekuwa kinyume: kazi yake imebaki, jina limepotea.

5. Tabora katika vita

Vita vilipoanza Agosti 1914, koloni lilitegemea Ujerumani kwa sarafu zake zote. Dar es Salaam, makao makuu ya serikali, ilipigwa mizinga kutoka baharini mwezi huohuo, na manowari za Uingereza zikafunga njia za meli. Fedha hazikuweza kuletwa tena kutoka Ulaya kama zamani, lakini mahitaji yaliongezeka: askari, wapagazi, chakula na malighafi vyote vililipiwa. Kuanzia 1915 serikali ilichapisha noti za muda ndani ya koloni. Lakini karatasi ni ahadi, na ahadi ya dola iliyozingirwa hupungua nguvu. Watu waliokuwa na sarafu za fedha walikuwa na sababu ya kuzificha.

Reli ya Kati, iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, iliufanya mji huo uwe na kitu ambacho miji mingi ya bara haikuwa nacho: karakana yenye mashine na mafundi. Huko zilifuliwa sarafu za hela 5 na hela 20 kwa shaba na shaba ya manjano. Za hela 20 pekee zilizidi milioni 1. Kati ya Aprili na Julai 1916 ikafuatia sarafu ya dhahabu. Dhahabu yake ilitoka mgodi wa Sekenke, katika Iramba, mkoa wa Singida wa leo.

Kwa hiyo sarafu moja ilibeba kazi za mikono mingi. Wachimbaji wa Sekenke walitoa mawe ardhini, wasafishaji wakatenga dhahabu, wafanyakazi wa karakana wakayeyusha, wakavingirisha na kukata, na mchongaji akaipa sura. Masonara kutoka Ceylon walikuwa sehemu ya mafundi wa Bahari ya Hindi waliofuata miji ya biashara ya pwani, pamoja na Wahindi, Waarabu na Waswahili. Kwamba serikali ya Kijerumani, yenye wahandisi na maofisa, ilimwendea sonara wa Kisinhala ilipohitaji muhuri wa dhahabu, ni ushahidi kwamba ujuzi huo haukuwa mikononi mwa maofisa. Simulizi inayoieleza sarafu hii kama kielelezo cha ubunifu wa Wajerumani chini ya mzingiro inaacha nje mtu ambaye bila yeye tembo asingekuwepo.

6. Nakshi mbili, mkono mmoja

Orodha za wakusanyaji hugawa sarafu ya Tabora katika aina mbili. Tofauti iko upande wa tai, kwenye pambo la nakshi lililojipinda. Katika aina moja, ncha ya pambo la kulia inaishia chini ya herufi T ya neno OSTAFRIKA. Katika nyingine inaishia chini ya herufi A ya kwanza ya neno hilo. Aina moja ilifuliwa vipande 9,803 na nyingine vipande 6,395.

Kwa mkusanyaji, tofauti hiyo ni namba ya orodha na inaathiri bei. Kwa mwanahistoria ni ushahidi. Inathibitisha kwamba muhuri wa upande huo ulichongwa zaidi ya mara moja, na kwamba haukunakiliwa kwa mashine. Mahali pambo linapoishia pameamuliwa na mkono uliokuwa ukitembea juu ya chuma. Kwa kuwa nakshi hiyo ya majani yaliyojipinda ni lugha ya masonara wa Bahari ya Hindi, inayoonekana kwenye bangili, vikuku na majambia, ni haki kusema kwamba katika sarafu yenye tai wa Ulaya na maandishi ya Kijerumani, pambo hilo ndilo eneo ambalo fundi alikuwa nyumbani.

Hapa mfano wa Reich unapata maana yake kamili. Mkato wa nyota ya Philadelphia umeitwa sahihi. Tofauti ya nakshi ya Tabora imeitwa aina ya kwanza na aina ya pili. Alama zote mbili ni za mkono. Kinachozitenganisha ni daftari: la Philadelphia liliandika jina na mshahara wa mwajiriwa, na simulizi ya Tabora ikaandika kabila. Mtafiti anayerithi orodha hizo bila kuzihoji anarithi pia mpangilio wa heshima uliozizalisha, ambamo mbunifu wa Kizungu ana jina na fundi wa Kiasia ana asili tu.

7. Ahadi iliyoandikwa na dhahabu iliyokuwemo

Swali la jina linaungana na swali la dhamana. Sarafu ya Tabora ina uzito wa gramu 7.168 na usafi wa 0.750, ambao sonara yeyote wa Dar es Salaam leo angeuita karati 18. Dhahabu halisi iliyomo ni gramu 5.376. Sarafu ya kawaida ya marki 20 ya Ujerumani, ambayo kisheria ililingana na rupia 15, ilikuwa na uzito wa gramu 7.965 na usafi wa 0.900, yaani dhahabu halisi ya gramu 7.168. Uzito wote wa sarafu ya Tabora ulilingana na dhahabu safi iliyokuwa ndani ya marki 20, lakini robo yake haikuwa dhahabu.

Kwa sarafu 16,198, thamani iliyoandikwa ilikuwa rupia 242,970. Uzito wa jumla ulikuwa takriban kilo 116, na dhahabu halisi takriban kilo 87. Kwa kipimo cha marki 20, tofauti ilikuwa takriban kilo 29 za dhahabu. Haya si madai ya udanganyifu. Dhahabu safi ni laini na huhitaji kuchanganywa na madini mengine, na karakana ya vita haikuwa na mitambo ya kusafishia kama ya Berlin. Hata hivyo, sarafu haikuonyesha usafi wake popote. Bechtler aliandika karati zake. Tabora iliandika tai.

Hiyo ndiyo maana ya kisiasa ya kukosekana kwa jina. Pale ambapo dhamana ya fedha ni fundi, jina lake lazima lionekane, kwa kuwa ndilo linaloshtakiwa dhahabu ikipungua. Pale ambapo dhamana ni dola, fundi anaweza kufutwa bila fedha kupoteza nguvu, ilimradi dola ipo. Dola hiyo haikudumu. Waingereza waliingia Dar es Salaam tarehe 4 Septemba 1916, na majeshi ya Ubelgiji yakaingia Tabora tarehe 19 mwezi huo, miezi michache tu baada ya sarafu za mwisho kufuliwa. Kuanzia 1921 shilingi ya Afrika Mashariki ikachukua nafasi ya fedha za zamani. Ahadi ya tai ilikwisha. Kilichoendelea kuipa sarafu thamani ni mambo mawili: dhahabu ya Sekenke na kazi ya mchongaji.

8. Hitimisho

Ulinganisho uliofanywa unaonyesha kwamba kuhifadhiwa kwa jina la mchongaji hakutegemei ubora wa kazi yake peke yake. Brasher alihifadhiwa na soko, Scot na Reich na madaftari ya ajira, Bechtler na biashara yake mwenyewe. Fundi wa Tabora alifanya kazi ya kiwango cha juu katika mazingira magumu kuliko yao, kwa mwajiri aliyekuwa na uwezo wote wa kumwandika, na akaachwa nje. Upungufu huo ni wa kumbukumbu ya kikoloni, wala hauwezi kuhesabiwa kuwa upungufu wa fundi.

Yapo matokeo mawili kwa utafiti na kwa uhifadhi. La kwanza ni la istilahi. Katika maelezo ya makumbusho, orodha na vitabu vya kufundishia, neno “hajulikani” halifai kwa sarafu hii. Maelezo sahihi ni: “Mchongaji: sonara Msinhala, jina halikuandikwa na waliomwajiri.” Sentensi hiyo haiongezi jambo ambalo ushahidi hauna, lakini inaweka wajibu wa ukimya mahali pake. La pili ni la mbinu. Tofauti za mihuri, ambazo kwa muda mrefu zimekuwa mali ya wakusanyaji na madalali, zinastahili kusomwa na wanahistoria wa kazi na ufundi, kwa kuwa ndizo maandishi pekee ambayo fundi huyu aliyaacha kwa mkono wake.

Tanzania ni nchi ya dhahabu, na historia ya dhahabu yake mara nyingi huandikwa kwa majina ya migodi, makampuni na serikali. Sarafu ya Tabora inakumbusha kwamba kati ya jiwe la Sekenke na rupia 15 kulikuwa na watu, na kwamba mmoja wao alikaa juu ya kipande cha chuma akichonga kinyume, herufi kwa herufi, jina la dola ambayo haikuandika lake.